TUINGIE KWENYE UMOJA TUKIWA NA KURA

Hotuba ya mwanachama mwanzilishi, mwalimu mstaafu, kwenye sherehe ya kikundi kutimiza miaka kumi, Ipelele

Ndugu Mwenyekiti wa kikundi,
Mheshimiwa Diwani,
Ndugu Mtendaji wa Kata,
Viongozi wa dini, wazee wetu na mabibi zetu,
Wenzetu wa vikundi jirani,
Ndugu wanachama, mabibi na mabwana:



Awali ya yote sina budi kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Kikundi cha akina mama kufika miaka kumi, sanduku lipo, madaftari yapo, na hakuna aliyempeleka mwenzake mahakamani, hilo si jambo dogo. (Makofi) Nawashukuru pia waume zetu ambao mwanzoni walikuwa wanauliza mikutano hii ya kila wiki ina nini ndani yake, na sasa wao ndio wanaotukumbusha tusichelewe. (Kicheko)

Nimepewa dakika ishirini, na Katibu amekaa hapa mbele yangu na saa yake. Historia ya kikundi itaelezwa na wengine: nani alikopa wa kwanza, nani aliezeka bati, nani alisomesha mtoto mpaka chuo. Mimi nimeombwa nizungumzie barua.

Barua mnaijua. Tumealikwa kujiunga na umoja wa vikundi vya kuweka na kukopa vya Makete, Njombe na Makambako. Nia yake ni kwamba vikundi vikae pamoja vipange uchumi wa eneo zima: viazi viuzwe wapi na kwa kipimo gani, mbolea na mbegu ziagizwe vipi, halmashauri ziombwe nini, na anayetaka kusaidia aelekezwe wapi. Ni barua nzuri, imepigwa chapa vizuri, kurasa mbili. Neno "shirikishi" limo mara saba. Nimehesabu. (Kicheko)

Nataka nieleweke mapema: mimi si mpinzani wa umoja huu. Lori la viazi haliji Ipelele kwa ajili ya magunia kumi ya mtu mmoja. Kikundi cha watu thelathini kikiandika barua halmashauri, barua inapokelewa, inagongwa mhuri, inalala. Wakiandika watu elfu tatu, kuna mtu ataamka. Mmeona wenyewe habari ya mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri. Mwaka 2018 sheria ilisema wazi kwamba asilimia nne ni ya wanawake, nne ya vijana na mbili ya watu wenye ulemavu, tena bila riba. Aprili 2023 mikopo ikasitishwa nchi nzima, ikarejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Inawezekana kabisa sababu za kusitisha zilikuwa na msingi, maana kulikuwa na vikundi hewa na madeni yasiyolipwa. Lakini vikundi vilivyokuwa vinalipa vizuri navyo vilisubiri, na hapakuwa na mahali ambapo vikundi hivyo vingekaa kama kitu kimoja na kusema: sisi tunalipa, tutenganisheni na wale. Kwa hiyo umoja unahitajika. Swali langu ni juu ya namna utakavyoendeshwa, na hasa ni nani atakuwa na kauli ndani yake.

Maana neno hili shirikishi, jamani, tumelitumia mpaka limechakaa. Mtu ameitwa kwenye mkutano, ameandika jina kwenye karatasi ya mahudhurio, amekunywa soda, amerudi nyumbani. Uamuzi uliotoka ni ule ule uliokuwa umeshaandikwa wiki moja kabla. Huyo kwangu mimi amehudhuria tu. Aliyeshirikishwa ni yule ambaye, kama asingekuwepo, uamuzi ungekuwa mwingine.

Hebu tuanze na kitu tunachokijua wenyewe, yaani sanduku letu. Mfumo wa sanduku hatukuubuni hapa Ipelele. Ulianza kwa akina mama wa Niger mwaka 1991, katika eneo la Maradi, wakisaidiwa na shirika la CARE, halafu ukasambaa Afrika nzima, nasi tukaupata kwa majina mbalimbali, VICOBA, hisa, kila mahali na jina lake. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa wanachama watatu ambao si viongozi. Mwenyekiti akitaka kulifungua peke yake usiku, hawezi. Fedha zinahesabiwa na watu wawili, hadharani, na mweka hazina anaandika kile ambacho wote tumekisikia. Kila mwanachama ana namba, na anakaa kwa namba yake. Mke wa mwenye duka anakaa katikati ya mjane na binti aliyeachika, si kwa kupenda kwake, ni kwa sababu namba imesema hivyo. Na katika kila mkutano mtu ananunua hisa kuanzia moja mpaka tano. Tano, basi.

Tukae kidogo hapo kwenye tano. Mnakumbuka mwaka wa pili, msimu ule bei ya pareto ilipokuwa nzuri, wenzetu kadhaa walitaka kununua hisa ishirini kwa mkupuo. Wakasema, fedha ni yangu, jasho ni langu, mnanizuia kwa nini? Tulibishana mikutano mitatu. Mimi mwenyewe niliona wana hoja. Aliyemaliza ubishi ni mama mmoja ambaye siku zote alikuwa ananunua hisa moja moja. Alisema, leo mtanunua ishirini, kesho kwenye kukopa mtasema mimi sistahili, keshokutwa kwenye kupanga riba mtaniuliza mimi najua nini. Kanuni ikabaki. Na wale wenye fedha nyingi hawakuondoka, wapo hapa, nawaona wanacheka.

Kanuni ile ya tano ndiyo imetunza amani kuliko mahubiri yote tuliyopewa kuhusu upendo. Sasa nimeisoma barua ya umoja mara nne. Kuna ada ya kiingilio, kuna kamati ya uratibu, kuna wajumbe, kuna wadau. Neno kura halimo. Hata mara moja.

Tusidanganyane, vikundi havilingani. Makambako ni mji wa njia panda. Barabara ya Songea inaungana pale na barabara kuu ya kwenda Zambia, na stesheni ya TAZARA ipo pale pale. Fedha inazunguka usiku na mchana. Kikundi cha wafanyabiashara wa pale kinaweza kukusanya kwa wiki moja kiasi ambacho sisi tunakikusanya kwa msimu. Kama kura zitafuata ukubwa wa akiba, basi umoja utakuwa wa Makambako na sisi tutakuwa watazamaji. Kama kila kikundi kitakuwa na kura moja, watu wa mjini nao watalalamika kwamba kikundi cha watu kumi na wawili kinalingana na chao cha hamsini. Hilo ni la kuzungumza. Lakini msingi ni wa zamani sana. Wale wafumaji wa Rochdale kule Uingereza, mwaka 1844, walipoanzisha duka lao la ushirika, walishika kanuni kwamba mwanachama mmoja ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Vyama vya ushirika duniani vinaifuata hadi leo. Sioni kwa nini sisi tuanzie nyuma ya mwaka 1844. (Makofi)

Jambo la pili ni ngazi. Hapa naomba Mheshimiwa Diwani asinielewe vibaya, maana nasema juu ya mfumo, sisemi juu ya mtu.

Sheria ya serikali za mitaa inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliofikisha miaka 18. Pale tupo wote, na kila mtu anaweza kunyoosha mkono. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na wanawake wasipungue robo. Vizuri. Lakini mpango wa kijiji ukitoka pale unapanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata. Wajumbe wake ni diwani, wenyeviti wa vijiji, na diwani mwingine yeyote anayeishi katika kata hiyo. Wenyeviti wa vijiji! Na katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, nchi nzima, wanawake waliokuwa wenyeviti wa vijiji walikuwa kama wawili tu katika kila mia. Mmeona hapo? Robo ile inaishia mlangoni pa ofisi ya kijiji. Ngazi inayofuata haiwaiti wajumbe, inawaita wenyeviti. Kwa hiyo hata bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya, mpango unapanda ngazi na akina mama wanabaki chini wakiusindikiza kwa macho. Juu kabisa, kwenye baraza la halmashauri, tunakutana tena na madiwani wa viti maalum, lakini mmoja wao ana kata nyingi za kuzungukia, na mpango unapomfikia umeshapikwa.

India waliliona tatizo hili mapema. Marekebisho ya katiba yao yaliyoanza kutumika mwaka 1993 hayakutenga viti vya ujumbe peke yake kwa wanawake kwenye mabaraza ya vijiji. Yalitenga pia theluthi moja ya viti vya uenyekiti. Watafiti wawili, Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo, walilinganisha vijiji ambavyo zamu ya mwenyekiti mwanamke ilikuwa imefika na vile ambavyo haikufika, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2004. Katika vijiji vyenye wenyeviti wanawake, fedha nyingi zaidi zilikwenda kwenye maji ya kunywa, kwa sababu maji ndiyo waliyokuwa wanayalalamikia wanawake wa pale. Wananchi ni wale wale na nchi ni ile ile. Aliyebadilika ni mwenye kuongoza kikao.

Basi kwenye umoja huu tusikubali kupewa nafasi za wajumbe peke yake. Uenyekiti uzunguke. Mwaka huu Makambako, mwaka ujao Njombe, unaofuata Makete, na Makete maana yake si Iwawa peke yake.

Wazee waliopo hapa wanaujua ugonjwa huu kwa jina jingine, la ushirika. Mei 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, kazi zao zikapewa mamlaka za mazao, na vijiji vikaambiwa ndivyo vyama. Wakulima wenye mali hawakuulizwa. Sheria ya 1982 ikavirudisha, na ile ya 1991 ikasema kwamba vyama ni mali ya wanachama wenyewe. Huku kwetu tukawa na NJOLUMA, jina lililounganisha Njombe, Ludewa na Makete. Lakini nawauliza mabibi mliopo hapa: aliyekuwa anaandikwa uanachama kwenye chama cha msingi wakati ule alikuwa nani? (Sauti: Baba!) Baba. Mwenye shamba ndiye mwanachama, mwanachama ndiye mwenye haki ya kuchaguliwa mjumbe, mjumbe ndiye anayekwenda mjini kwenye mkutano mkuu. Aliyechuma pareto, aliyeianika, aliyeilinda na ukungu, jina lake halikuwa kwenye daftari hata moja kati ya hayo. Kwa hiyo tunapojiunga, tuseme wazi kwamba mwanachama wa umoja ni kikundi, na wasemaji wa kikundi ni wale waliochaguliwa na kikundi, hata kama hawana shamba lenye jina lao.

Sasa nije karibu zaidi. Mwaka 2010, mwezi wa Mei, kwenye mkutano wa Jukwaa la Uchumi la Dunia kuhusu Afrika uliofanyika Dar es Salaam, ulitangazwa mpango wa SAGCOT, yaani Mpango wa Kukuza Kilimo Ukanda wa Kusini mwa Tanzania. Serikali ilikuwepo, makampuni makubwa ya ndani na ya nje yalikuwepo, wafadhili walikuwepo. Ramani ikagawanywa katika makundi waliyoyaita kongani, na sisi wa Njombe pamoja na wenzetu wa Iringa tukawekwa katika kongani ya Ihemi. Mazao yaliyopewa kipaumbele katika kongani hiyo ni pamoja na chai, maziwa, soya, nyanya, na viazi mviringo. Viazi vyetu hivi.

Sisemi mpango ule haukuleta faida. Watu wamejifunza mbegu bora na wengine wamepata masoko. Ninachosema ni kwamba uchumi wa eneo hili ulipangwa kwa miaka kadhaa na ushirikiano wa watu wengi, na ukimuuliza mama wa Ipelele mwenye ekari moja ya viazi aliingia mlango gani, hana jibu. Wadau walikuwa makampuni, taasisi, na vyama vilivyosajiliwa vyenye ofisi na barua pepe. Asiye na chama chenye ofisi alikuwa mnufaika. Hilo neno mnufaika nalo lisikilizeni vizuri kila linapotajwa. Mdau anaulizwa. Mnufaika anahesabiwa.

Upande mwingine tunao mfano wa MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima ulioanzishwa mwaka 1993. Wao walianzia kwenye vikundi vidogo, vikundi vikaunda mitandao ya chini, mitandao ikapanda mpaka taifa, na kauli yao ni kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Sisemi hawana matatizo, kila chenye watu kina matatizo. Lakini ukitaka kujua nani mwenye mali pale, unaanza kuhesabu kutoka chini. Tuiombe kamati ya uratibu itueleze umoja wao unahesabiwa kutoka wapi.

Ndugu wanachama, sasa lumbesa. (Minong'ono) Naam, najua. Nilijua nikilitaja mtaamka.

Wageni wetu ambao hamlimi viazi, lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka likapita mdomo, likawekewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba. Sheria ya Vipimo haikubali. Mazao yakifungashwa yasizidi kilo 100. Lumbesa inapita hapo kwa mbali, na mkulima analipwa gunia moja. Halmashauri nayo inapata ushuru wa gunia moja. Kila mwaka tunatangaziwa kwamba ni marufuku, na kila mwaka inapanda kwenye lori mchana kweupe.

Kwa nini haiishi? Kwa sababu kijiji kimoja kikikataa, lori linakwenda kijiji cha pili. Na kwa sababu mchuuzi analipa usafiri na upakiaji kwa gunia, si kwa kilo, kwa hiyo akifika Dar es Salaam na magunia ya sheria, mwenzake mwenye lumbesa anamshinda bei. Mchuuzi mwenyewe amebanwa. Ndiyo maana nasema Ipelele peke yake haiwezi kuondoa lumbesa hata tukilia. Linahitajika eneo zima, wakulima na wanunuzi, vijiji na miji, siku moja, kipimo kimoja. Maana yake ni nini? Maana yake umoja huu tulioalikwa ndio mahali pekee ninapopaona ambapo jambo hili linaweza kumalizwa.

Na ndipo mahali ambapo tunaweza kushindwa vibaya. Kwa sababu katika umoja huo watakuwepo akina mama wa Makambako na wa Njombe mjini wanaonunua viazi vyetu. Wote tutaitwa akina mama, wote tutavaa vitenge sare, wote tutapiga vigelegele. Lakini kwenye gunia hatuko upande mmoja. Yeye faida yake imo kwenye kile kilemba, mimi hasara yangu imo humo humo. Kuficha jambo hili kwa ajili ya umoja ni kujidanganya. Mama yule si adui yangu, ana watoto kama mimi, anakopa na kulipa kama mimi. Lakini kama wachuuzi ni wengi kwenye kikao na wanapiga kura ya jumla, kipimo kitabaki kilivyo na sisi tutakuwa tumekipitisha kwa saini zetu wenyewe. Hapo tutakuwa hatuna hata pa kulalamika.

Pendekezo langu, ambalo kamati yetu imelikubali, ni hili. Jambo lolote la vipimo na bei, wakulima wakae kwanza peke yao, wachuuzi wakae kwanza peke yao, kila upande uandike unachotaka. Halafu wakae pamoja. Na uamuzi upite tu kama walio wengi wa upande huu na walio wengi wa upande ule wote wamekubali. Utachukua muda mrefu, najua. Lakini lumbesa ina miaka mingi, haitakufa kwa kuharakishwa kikao kimoja.

Muda naona unakwenda. Naomba nizungumzie mtu mmoja ambaye hayupo kwenye barua kabisa, naye ni bibi.

Kutoka Iwawa mpaka Njombe ni zaidi ya kilomita 100, na Makambako ni kilomita kama 60 mbele. Barua inasema mikutano itakuwa Makambako, siku mbili, kila robo mwaka, na kila mjumbe atajigharamia kwa kuanzia. Nani kati yetu ataweza? Mkoa wetu mnajua ulivyopigwa na UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2016 hadi 2017 ulionyesha Njombe ina asilimia 11.4 ya watu wazima wanaoishi na virusi, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote. Hapa Makete kuna nyumba ambazo kizazi cha katikati kimeondoka, bibi amebaki na wajukuu. Katika kikundi hiki bibi za namna hiyo ni robo ya wanachama. Ndio wanaojua kuliko mtu yeyote bei ya sabuni, ya daftari, ya debe la mahindi mwezi wa Februari. Hawezi kulala Makambako siku mbili. Ng'ombe nani atamkamua, watoto nani atawaamshia uji? Wapo pia wenzetu wanaotakiwa kliniki kwa tarehe yao, na tarehe haihamishwi kwa sababu ya mkutano.

Kwa hiyo ataenda nani? Ataenda kijana aliyemaliza kidato cha nne, asiye na mtoto, anayejua kuandika haraka. Ni mzuri, tunampenda, lakini akifika kule atasema anayoyajua yeye. Ama ataenda yule yule kila mara, mpaka azoee posho. Na posho, jamani, ni mdudu. Mtu anaanza kwenda kwa ajili ya kikundi, anaishia kwenda kwa ajili ya bahasha, na mrejesho hatuupati. Nimeona chama kimoja, sitakitaja, ambacho mjumbe alikwenda mikutano sita na hakuna hata siku moja aliyosimama mbele ya wenzake kueleza kilichozungumzwa. Hakuulizwa pia, maana hapakuwa na kanuni ya kumuuliza.

Tunachotaka kiandikwe ni kwamba mikutano izunguke, walau mmoja kwa mwaka uje huku milimani, wenzetu wa mjini nao waonje baridi ya Julai. (Kicheko) Nauli itoke kwenye mfuko wa umoja kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu umoja usioweza kulipa nauli ya mkulima wa Ipelele utakuwa wa wakazi wa barabarani. Tupeleke wajumbe wawili, maana mmoja akiwa peke yake kati ya watu arobaini anaogopa hata kuomba maji. Na mmoja wao awe na umri wa kujua maisha. Hesabu za umoja zisomwe kwa sauti, kwa Kiswahili cha kawaida, na nakala ije huku. Wajumbe wetu warudipo wasimame hapa katika mkutano wa kwanza unaofuata na kutueleza, na kikundi kiwe na uwezo wa kuwabadilisha bila kusubiri mwaka uishe.

Kuna aliyeniuliza jana, mwalimu, tukiweka masharti mengi hivi si watatuacha? Huenda. Nimelifikiria. Lakini angalieni, wao wanahitaji viazi vyetu na idadi yetu. Umoja wa mkoa usio na wakulima wa milimani hauwezi kwenda halmashauri wala kwa mfadhili ukasema unazungumza kwa niaba ya eneo. Siku ya leo, kabla ya saini, ndiyo siku tuna nguvu kuliko siku nyingine yoyote itakayokuja. Tukishasaini, kuongeza sharti moja kutahitaji ajenda, kikao, akidi, na nauli ya kwenda Makambako kuliomba.

Ndugu Mwenyekiti, kamati imeandaa jibu la barua. Linasema tunakubali kujiunga, na linataja masharti manne: kura, zamu ya uenyekiti, utaratibu wa vipimo, na nauli pamoja na mrejesho. Halijasainiwa. Kwa kanuni zetu wenyewe halitasainiwa mpaka lisomwe mbele ya wote na kupigiwa kura kwa mikono, kila mtu akiwa amekaa kwa namba yake. Wageni wetu mtatuvumilia, mtashuhudia tunavyofanya.

Namwomba Katibu aweke saa yake mfukoni, asimame, alisome lote polepole kabla ya chakula.

(Makofi na vigelegele)